Pikipiki ya Okoth, Kutoka Kibuye Hadi Nyumbani

Tangu nirudi hapa soko la Kibuye, kila anayeleta simu yake nimtengenezee ananiuliza ile pikipiki ilinifanya nini njiani. Nimechoka kusimulia nusu nusu huku nimeshika solda ya moto. Sasa nimeandika yote mara moja. Someni, kisha mniache nifanye kazi. Mkikuta mahali nimesema kwa ukali, jueni pale nilikuwa na hasira, na yenyewe haijaisha.

Kwa wasiojua, Okoth ni kaka yangu aliyenifuata. Aliendesha boda hapa Kisumu mpaka ugonjwa ulipomlaza, na hakuinuka. Wenzake wa stage, pale boda zinapongojea abiria, walimsindikiza hadi nyumbani kwetu, mbele ya Kendu Bay, pikipiki yake ikiongoza, imefungwa matawi kama desturi yetu ilivyo. Baada ya mazishi rafiki yake mmoja akarudi nayo mjini aifanyie kazi na kumsaidia mjane, Akinyi. Haikupita muda ikaanza kuzimazima. Yule rafiki akaiegesha, akatangaza kwamba marehemu anaikataa.

Maneno kama hayo hayahitaji nauli. Yalifika nyumbani haraka, na baba mdogo, ndugu wa marehemu baba yetu, akayadaka. Akasema pikipiki imekufa na mwenyewe, wazee wakae Jumamosi, iuzwe kwa mtu wa vyuma vikuukuu. Akinyi, ambaye Okoth mwenyewe alimfundisha kuendesha, alikuwa amepata kazi ya kubeba omena, wale dagaa wa ziwa, kutoka bichi hadi sokoni. Kazi ilikuwa inamngoja yeye na pikipiki, si yeye na ndoo kichwani. Akanipigia simu.

"Yuora," akaniambia, maana mimi ni wifi yake, "ikija imebebwa kwa gari, wameshinda. Ikiingia hapa yenyewe ikinguruma, watauza nini?"

Nikafunga kibanda.

Kibuye hadi Ahero

Niliondoka Ijumaa asubuhi. Yule rafiki wa Okoth alinipa ufunguo kwa mikono miwili, sauti ameishusha kama mtu aliye kanisani. "Adhiambo, ikikataa usiilazimishe. Hii kitu iko na mwenyewe."

"Mwenyewe ni Akinyi," nikamjibu.

Iliwaka mara moja. Pale shingoni, chini ya usukani, lilikuwa limebaki tawi moja la mazishi, limekauka, limezungushiwa kitambaa chekundu na kukazwa kwa blada, ule mpira wa tyubu tunaofungia mizigo. Nililiona. Kila mtu aliliona. Hakuna aliyeligusa, na mimi pia sikuligusa, kwa sababu kitu cha mazishi huwezi kukichezea.

Nikapita Nyamasaria bila shida, nikaanza hata kuimba. Pale Ahero barabara ya Kisii unaichukua mkono wa kulia. Nikangoja magari yapungue, nikakata kona, na katikati ya barabara pikipiki ikazima. Haikukohoa wala kutetemeka. Ilizima tu. Dereva wa lori alinitukana mimi na waliomleta mama yangu duniani. Nikabofya stata, kimya. Nikabofya honi nimjibu, honi nayo kimya. Nikasukuma hadi kando huku machozi ya hasira yananitoka.

Fundi wa karibu alikuwa ameenda kula. Nikala na mimi, wali wa pale pale Ahero na kipande cha samaki kamongo, na ulikuwa wali mtamu, lakini nilikuwa naumeza kama dawa. Fundi aliporudi, kulikuwa na mwanamume mmoja amesimama karibu nami anangoja gurudumu lake lizibwe. Simjui, hanijui. Fundi akamwuliza yeye, "Pikipiki ya bibi yako inasumbua wapi?"

Nanyi hamtaamini, yule mwanamume akajibu. "Inazima," akasema, akakunja mikono.

"Mimi ndiye nimekuja nayo," nikasema. "Na huyu si mume wangu."

"Sawa mama, tulia," akasema fundi, bado anamtazama mwenzake. Akaisimamisha kwa stendi ya kando, akalaza usukani kushoto, akatoa plagi, akaisugua kwa brashi, akairudisha. Akawasha. Ikawaka.

"Plagi," akamwambia mume wangu wa kupewa. "Mwambie asiache ichafuke."

Nilimlipa, nikaondoka bila kuwaaga wote wawili.

Ahero hadi Katito

Njia ile imenyooka katikati ya mashamba ya mpunga, na pikipiki ilienda vizuri mpaka nikaanza kumwonea aibu yule fundi kwa niliyomwita moyoni. Nikasikia honi nyuma yangu. Nikatazama kwenye kioo. Boda mbili, halafu nne, halafu kundi zima, wamewasha taa, wanapiga honi, mmoja amesimama kwa vikanyagio ananyoosha mkono juu. Walikuwa wameona tawi na kitambaa. Walidhani maiti iko mbele na mimi nimeachwa nyuma na msafara, kwa hiyo wakaja kunisindikiza. Wavulana wa watu wana roho nzuri, siwezi kukataa.

Nikawapungia mkono wapite. Wakadhani nawashukuru, wakaongeza honi. Akina mama waliokuwa wakianika mpunga kando ya lami wakasimama na kuvua vitambaa kichwani. Nilisindikizwa hivyo kwa mwendo mrefu, natoa shukrani za maiti ambaye hayupo, mpaka mmoja akanifikia ubavuni.

"Pole sana, nyaminwa, dada yetu. Mwili iko wapi?"

"Ilizikwa miezi iliyopita."

Alinitazama kama niliyemwibia. "Sasa tawi ni ya nini? Unatuchomea mafuta bure." Wakageuza wote pamoja, na honi walizopiga wakirudi hazikuwa za heshima.

Katito, njia ya Kendu Bay inatoka mkono wa kulia. Nilikata kona, ikazima. Pale pale katikati, kama Ahero. Safari hii nilitazama kabla ya kushuka: nilitoa gia, na ile taa ndogo ya kijani ya nyutro haikuwaka. Honi haikulia. Mimi natengeneza simu na redio, si pikipiki, lakini plagi haipigi honi, hilo hata mtoto wa chekechea anajua.

Fundi wa Katito alikuwa kijana mnene aliyejiita Injinia. Nikamweleza: taa ya kijani inazima pia, honi inakufa pia, tatizo liko huko moto wa betri unakotoka.

"Mama, taa ni taa, injini ni injini," akasema. "Hii ni koili. Nimezitengeneza nyingi." Akaisimamisha kwa stendi, usukani kushoto, akafungua koili nzima, akaweka nyingine. Akawasha, ikawaka. Akafungua mikono kama mhubiri. "Si nilikuambia?"

Nilitaka kumpigia kelele lakini ningesema nini? Ilikuwa inanguruma mbele yetu sote.

Mvua ikaanza kunyesha, ile ya jioni isiyo na mzaha, na mama mmoja anayeuza nyoyo, yale mahindi na maharagwe ya kuchemsha, akanikaribisha kwake nilale. Jina lake Mama Rosa. Alinipa sahani ya nyoyo na chai yenye maziwa mengi, na alipokuwa ananisaidia kuingiza pikipiki chini ya paa akasimama.

"Nyathina, mtoto wangu, hii tawi nani alifunga?"

"Baba mdogo."

"Basi ni yeye atafungua, ama bibi ya marehemu. Wewe usifungue. Ukifungua ni kama unamfukuza kwa nyumba yake."

Sikuwa nimemwuliza. Lakini alinilaza na kunilisha bila kunijua, na mtu wa namna hiyo humbishii. Nikasema asante mama, nikalala na neno lake kifuani.

Katito hadi Pap Onditi

Jumamosi asubuhi nilitoka mapema. Akinyi alikuwa ameshanipigia kuniambia wazee wamealikwa chakula cha mchana, na kwetu wazee wakishashiba hawakawii kukata shauri. Pikipiki ikaenda. Nikafika Pap Onditi, nikaona stesheni ya petroli iko upande wa kulia, nikakata kuingia. Ikazima.

Hapo maji yalinifika shingoni. Nilishuka, nikaipiga tairi teke mpaka kidole kikaniuma, nikatukana koili, nikatukana plagi, nikamtukana Okoth pia, Mungu anisamehe, kwa kufa na kuniachia chuma hiki. Boda wa stage ya pale walikuwa wananitazama. Niliwaomba mmoja anishikie usukani tu nitazame. Hakuna aliyesogea. Mkubwa wao, mzee mwenye koti la mvua, akasema kwa upole, "Dada, hapo kuna kitambaa. Mwenyewe amekataa isifike. Rudi nayo Kisumu."

"Mwenyewe amekufa," nikamwambia. "Aliye hai ana watoto na kazi inamngoja. Ninyi wote mnaendesha hizi kitu kila siku, na hakuna hata mmoja wa kunishikia usukani?"

Nikakaa chini kwenye mawe. Na katika kukaa ndipo ilinijia. Ahero, kulia. Katito, kulia. Hapa, kulia. Njia nzima kutoka Kisumu, popote ilipozima nilikuwa nimegeuza usukani mkono wa kulia. Na mafundi wote wawili, kabla hawajagusa chochote, waliisimamisha na kulaza usukani kushoto. Kila pikipiki Kenya hii inaegeshwa hivyo. Yule wa Ahero hakutengeneza plagi na Injinia hakutengeneza koili. Waliilaza kushoto tu, ikajiponya, wakachukua sifa na pesa.

Nilisikia hasira mpya, lakini hii ilikuwa na kazi ya kufanya. Nikafungua balbu ya indiketa, nikaifunga nyaya mbili. Waya mmoja nikaugusisha kwenye chuma cha fremu, mwingine nikaupeleka kuutafuta moto. Kwenye betri, balbu ikawaka. Baada ya fyuzi, ikawaka. Nikafika kwenye swichi ya ufunguo, kule juu mbele, nikageuza usukani kushoto kabisa: ikawaka. Nikageuza polepole kuelekea kulia: ikazima. Kushoto, ikawaka. Kulia, ikazima.

Yule mzee wa stage alikuwa amesogea bila kujijua. "Rudia," akasema. Nikarudia.

Basi waya ulikuwa umekatika kati ya fyuzi na swichi, na kati ya fyuzi na swichi kuna shingo, na shingoni kulikuwa na kitu kimoja tu. Tawi la kaka yangu.

"Usikate," mzee akasema. "Piga simu kwa mjane kwanza."

Sikupiga. Nilijua Akinyi angeuliza wazee, maana ndivyo alivyolelewa, na wazee maana yake ni baba mdogo. Nikatoa wembe ninaokatia nyaya. Boda mmoja akageuza uso. Nikakata blada, nikafungua kitambaa, nikalitoa tawi.

Chini yake fungu lote la nyaya lilikuwa limebanwa kwenye chuma mpaka limekuwa bapa. Tangu siku ya mazishi, kila usukani ulipogeuzwa kulia, nyaya zilikosa nafasi ya kufuata, zikavutwa. Nikaminya mmoja mmoja kwa vidole mpaka nikafika wa kahawia. Plastiki yake nzima, haina hata mkwaruzo, lakini ndani ilikuwa laini kama utumbo. Shaba ilikuwa imekatika.

Nikakumbuka alivyolifunga. Baba mdogo alikuwa analia siku ile, kamasi na machozi, anavuta ile blada kwa meno kwa sababu mikono ilikuwa haimtoshi. Alimpenda Okoth. Hakuwa na nia mbaya hata kidogo. Alifunga kwa nguvu zote za mtu aliyefiwa, akakamata tawi na nyaya pamoja, na sasa alikuwa ameketi anangoja kuuza alichokiua mwenyewe. Hapo hasira yangu ilikosa pa kwenda, na hakuna kitu kinachouma kama hasira iliyokosa pa kwenda.

Okoth alikuwa ameweka redio chini ya kiti, ile ya kuwapigia abiria muziki mpaka wanashuka wamelewa kelele. Nikakata kipande cha waya wake, mnene na mzuri, nikaunga pale palipokatika, nikaacha nafasi ya kutosha kugeuka, nikafunga kwa tepu. Balbu ikawaka kushoto. Ikawaka kulia. Nikarudisha balbu mahali pake, nikawasha injini, nikazunguka ile stesheni ya petroli kwa mkono wa kulia, nikazunguka tena. Haikuzima.

"Kumbe," akasema mzee. Halafu akanishikia usukani nilipokuwa najaza mafuta, sasa ambapo sikumhitaji.

Pap Onditi hadi Kendu Bay

Kendu Bay nilisimama kununua maji tu, lakini harufu ya samaki wa kukaanga ilinishinda, nikachukua ngege mmoja na ugali. Nilikuwa nimetia tonge la kwanza mdomoni simu ikalia.

"Yuora, uko wapi?" Ilikuwa Akinyi, ananong'ona. "Wamekula. Pikapu ya mtu wa vyuma imefika. Baba mdogo amemwambia wataifuata Kisumu leo leo."

Nikamwambia anipe muda kidogo. Sikumwambia habari za tawi. Mwenye hoteli akanifungia samaki kwenye gazeti huku ananisema kwamba chakula si cha kukimbizwa, na anasema kweli, yule samaki nilimla kesho yake na alikuwa hana ladha tena.

Tawi lilikuwa mfukoni mwa koti langu. Lilinichoma ubavuni njia nzima.

Nyumbani

Kutoka barabara ya Homa Bay, kwetu unashuka kuelekea ziwani mkono wa kulia. Nilipofika pale nilishika breki, nikavuta pumzi, nikakata. Ikanguruma. Nikaingia nyumbani nimebonyeza honi, wala sikuiachia mpaka nikafika mbele ya viti.

Wazee walikuwa kwenye viti vya plastiki. Pikapu ilikuwa katikati ya uwanja, mwenyewe ameegemea mlango anachokonoa meno. Baba mdogo alikuwa na kamba begani, ya kuifungia pikipiki huko Kisumu. Akinyi alikuwa amesimama mlangoni mwa nyumba yake, mikono ndani ya leso.

Hakuna aliyenisalimu. Baba mdogo alikuja moja kwa moja, akainama, akatazama shingo ya pikipiki.

"Tawi la Okoth liko wapi?"

Niliingiza mkono mfukoni.

"Nani amekata?" Sauti yake ilikuwa imeanza kupanda, na wazee wakasogeza viti. Niliona anakoelekea: hatauza tena kwa sababu imekufa, atauza kwa sababu imenajisiwa. Nilifungua mdomo kujibu, na nilikuwa nimeandaa maneno mabaya tangu Pap Onditi.

"Ni mimi," akasema Akinyi.

Tukageuka wote. Alikuwa ameshuka ngazi.

"Mimi ndiye nilimwambia akate. Si mlisema anayefungua ni aliyefunga ama mjane? Wewe ulifunga, baba. Mimi nimefungua."

Hakuniambia. Alijua sikumwuliza, na mimi nilijua kwamba anajua. Lakini alisema kwa uso mkavu, na hakuna mzee aliyepata pa kushika.

"Kuwaka si kupona," baba mdogo akasema, sasa kwa sauti ya chini. "Itazima tu."

Akinyi akanyoosha mkono, nikampa ufunguo. Akafunga leso vizuri, akapanda, akawasha. Akalaza usukani wote mkono wa kulia na kuanza kuizunguka ile pikapu, karibu sana, mguu mmoja ukigusa vumbi. Akazunguka, akazunguka tena. Wazee wa upande ule wakalazimika kuinua miguu. Haikuzima.

Nilitoa tawi, kitambaa na blada, nikaviweka kwenye kiganja cha baba mdogo. "Ulilifunga vizuri sana, baba," nikamwambia. "Ulifunga mpaka nyaya." Nilikuwa nimepanga kuyasema kwa ukali, lakini yalitoka kwa sauti nyingine. Akashusha kamba begani na kwenda na lile tawi kaburini kwa Okoth, polepole, bila kutuangalia.

Akinyi alikuwa bado anazunguka. Mwenye pikapu alitupa kijiti chake, akaingia ndani ya gari, akatoa kichwa dirishani na kumwomba asimame kidogo, apate njia ya kutoka.